Nyanya za Kalenda

Wenzangu wa idara ya kilimo,

Siku niliyorudisha kamera ofisini mlinipa kitenge, keki na kazi nyingine: niandike jinsi nilivyoifanya ile ya kwanza. Kitenge nimeshakishona. Keki wajukuu waliimaliza kabla sijavua viatu. Imebaki hii ya tatu, na ninaiandika kwa shukrani, maana Mungu ameniachia macho yanayoona na mkono usiotetemeka sana. Mambo ya vyeo na mishahara nimeyaruka. Yamo kwenye faili, na hayana picha.

Sikuajiriwa kupiga picha. Nilitoka chuo cha uinjilisti nikiwa na cheti cha kufundisha shule ya Jumapili, kanisa likanileta Karatu nipange vitabu vya semina za wakulima. Mkuu wa idara wa wakati ule alikuwa mtu wa maneno machache. Wiki yangu ya kwanza alifungua kabati, akatoa kamera ya filamu iliyoachwa na wageni fulani, akaniambia, "Wakulima wamechoka kusikia. Labda wataona." Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu ya kazi, mwanzo hadi mwisho.

Siku ya kwanza nilikwenda Endamarariek kupiga picha za ngwara, yale maharage ya huku kwetu. Nilipiga picha thelathini na sita. Niliwapanga watu, nikawasogeza, nikawaambia waache kukunja uso kama waliokuja kuzika. Nikarudi nimejaa furaha, nikampelekea kamera Mzee Aloyce, Mchaga aliyekuwa na studio ya picha za paspoti karibu na stendi. Aliingia nayo chumba cha giza, akatoka mapema mno.

"Mwalimu," aliniita hivyo kwa sababu ya shule ya Jumapili, "filamu haikushika meno. Haijasogea hata kidogo."

"Picha zote?"

"Zote. Umepiga hewa ya Endamarariek na imekaa vizuri sana."

Kesho yake nilirudi kuomba radhi. Watu wale wale walijipanga mahali pale pale bila kulalamika. Mama mmoja tu alikuwa amebadilisha kilemba, kwa kuwa kile cha jana hakukipenda.

Huyu Mzee Aloyce ndiye aliyenifundisha kazi, Mungu amlaze pema. Nawapa machache niliyoyapata kwake. Usipige picha ya chakula saa sita mchana, jua la utosi hufanya ugali ufanane na chokaa. Uliza jina kabla ya kuomba sura. Vumbi letu jekundu linaingia popote, kwa hiyo ivalishe kamera kitambaa cha pamba, usiifunge kwenye nailoni, nailoni inatoa jasho. Brashi laini ya kupakia rangi inafaa kuliko pumzi yako. Na ukitoka kwenye baridi ya ukingoni mwa kreta ukaingia jikoni kwenye moto, lenzi inatokwa na machozi. Iache ndani ya begi mpaka umalize kikombe cha chai. Kama hujaletewa chai, omba, ni sehemu ya kazi.

Huko ukingoni ndiko nilikopata kazi ngumu ya kwanza. Idara ilikuwa imewasaidia akina mama wa Qurus kulima karoti ili wauzie hoteli moja ya watalii, na hoteli ikazikataa. Nilitumwa nikapige picha ya karoti inayotakiwa, wakulima waione. Mpishi mkuu, mtu mwema kabisa, alinifungulia kreti la karoti zilizotoka mbali kwa lori. Zilikuwa zimenyooka kama penseli.

"Za akina mama wa Qurus zina kasoro gani?" nikamuuliza.

"Zimepinda, Mama."

"Na utamu?"

"Utamu zinazo kuliko hizi. Lakini mgeni anakula kwa macho kwanza. Akiona karoti ina miguu miwili, ataipiga picha. Haili."

Nilipiga picha ya kreti kama nilivyotumwa. Halafu nikatoka mlango wa nyuma, nikakuta ndoo za mabaki: mikate iliyong'atwa mara moja, maboksi ya chakula cha mchana yaliyorudi kutoka bondeni na yai na paja la kuku havijaguswa, na karoti zilizonyooka, nyingi tu, zikielea kwenye mchuzi. Nikaomba ruhusa, nikapiga na hizo. Nilibandika picha mbili kwenye ubao mmoja: karoti zilizopinda juu ya gunia Qurus, na karoti zilizonyooka ndani ya ndoo. Mkuu wa idara aliutazama ubao ule muda mrefu. "Sasa umeanza kazi," akasema. Tuliupeleka hotelini. Baada ya vikao viwili wakakubali kununua zilizopinda, za supu. Supu haina macho, mpishi alisema.

Kutoka hapo nikaona nimeiva. Mtu akijiona ameiva, Mungu humtuma Kakesio, kule kwa wafugaji.

Nilifuatana na timu ya mifugo, mwaka wa ukame. Kazi yangu ilikuwa kupiga picha za kinacholiwa kwenye boma, ili watu wa mjini wajue kwamba mfugaji naye anakula unga wa dukani. Bibi mmoja wa Kimaasai alinifunulia sufuria yake. Ulikuwa uji wa unga mtupu, bila maziwa. Nikapiga. Alikuwa akijua Kiswahili vizuri kuliko nilivyodhani.

"Watu wa Karatu wataiona sufuria yangu?"

"Wataiona, koko," nikamwita bibi kwa lugha yao.

"Watanihurumia?"

Nikajishughulisha na kifuniko cha lenzi.

"Basi piga na ya kwako," akasema, "na mimi nikuhurumie."

Wanawake wa boma lile walicheka mpaka mbuzi wakasogea. Lakini neno lilinikaa. Nilirudi nyumbani nikapiga picha sufuria yangu kwa wiki nzima, kila mlo. Niliona nilichokuwa sikioni: mafuta ya pakiti, mkate wa dukani, sukari mahali pane, soda za wageni, na nyanya nilizonunua sokoni bila kujua zimetoka shamba la nani. Mimi, mfanyakazi wa idara ya kilimo. Safari iliyofuata nikampelekea yule bibi picha zangu. Alizipekua taratibu, akafika kwenye zile chupa za soda.

"Maskini," akasema. "Kwani kwenu maji yamekauka?"

Kwa sababu yake tulianza kazi mliyoikuta: familia kumi za Karatu zikakubali kupigwa picha ya kila wanachokula kwa wiki, tukazitundika kwenye ukumbi wa usharika. Watu walikuja kucheka sufuria za majirani wakaondoka wanafikiria za kwao. Na kwa sababu ukumbi ulijaa, mkuu mpya wa idara akapata wazo la kalenda. Kila mwezi zao moja na mkulima wake. Kamera za dijitali zilikuwa zimeshafika, gharama ya filamu imeondoka, kwa hiyo nilikubali bila kufikiri mara mbili. Hapo ndipo nilipokosea, na kosa hili ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu.

Mnajua kalenda ilivyo kwetu. Inatundikwa sebuleni, mwaka ukiisha haitolewi, mpya inawekwa juu yake. Mkulima aliyetoka kwenye kalenda yumo katika kila nyumba. Na mimi niliwachagua kwa macho, kama yule mgeni wa hotelini. Picha nyingi nilizipiga Jumapili ya sikukuu ya mavuno, kwa sababu siku ile mazao yote yanakuja madhabahuni, mwanga wa madirisha ya kanisa ni mzuri, na wenye mazao wamevaa suti. Nilichagua mahindi yaliyojaa, maboga ya duara, nyanya zinazong'aa. Haikupita miaka mingi, sokoni wakaanza kusema, "Hizi ni nyanya za kalenda," wakiwa na maana ya zile zisizo na doa. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilidhani wanamsifu mkulima.

Mzee Bura wa Qurus alikuwa mzee wa kanisa na bingwa wa nyanya. Alitoka kwenye kalenda mara mbili. Mwaka wa tatu baridi ya mwezi wa sita ilikuwa kali, ukungu haukuinuka mpaka saa nne, na nyanya za kila mtu zilipata madoa. Siku ya mavuno watu walileta walichonacho. Mzee Bura akaingia na tenga lake, nyanya zote zinafanana kana kwamba zimezaliwa na mama mmoja siku moja. Kanisa zima liliguna kwa sifa. Mchungaji alihubiri kwamba Mungu hapewi masalia, na mimi nilikuwa nimepiga goti pembeni natafuta pembe nzuri ya picha.

Baada ya ibada ukafuata mnada, kama kawaida, vitu vilivyobarikiwa vikauzwa mlangoni. Mama Elisha, mjane mwenye watoto watatu, aliwashinda wote kwa nyanya za Mzee Bura. Walizila njiani wakielekea nyumbani, mbichi, wanafuta kwa nguo. Aliniambia baadaye, "Mama Picha, ningenunua sokoni ningeziosha. Hizi zilitoka madhabahuni."

Mchana ule ule yeye na wanawe walipelekwa hospitali wakitapika, macho yakiwatoka maji. Mdogo, Elisha mwenyewe, alikuwa akitetemeka. Walilazwa siku tatu wakapona, na mpaka leo namshukuru Mungu kwa siku zile kuwa tatu. Bwana shamba alichukua nyanya zilizobaki, akaipangusa moja kwa leso nyeupe, akatuonyesha leso ilivyochafuka kwa dawa. 

Alhamisi Mzee Bura alikuja ofisini.

"Saita, Mama Picha."

"Saita, Mzee Bura. Karibu, kaa."

Hakukaa. "Nilipulizia Ijumaa."

"Ijumaa ipi?"

"Hii iliyopita. Siku mbili kabla ya mavuno. Kopo limeandikwa nisubiri wiki mbili. Na kusoma najua."

"Sasa kwa nini, mzee wangu?"

Alinyoosha kidole ukutani. Ilikuwa kalenda yetu, mwezi wa tisa, na aliyekuwepo pale ni yeye mwenyewe, amekumbatia tenga, anacheka.

"Umenipiga mara mbili. Mwaka huu zina madoa. Nikasema, Mama Picha hapigi madoa. Na Mungu je, yeye ndiye nimpelekee madoa?"

"Na nyumbani kwako mnakula zipi?"

"Nyumbani tuna mashina manne nyuma ya jiko. Yale sipulizii," akasema, halafu akajifunika mdomo kwa mkono, kama mtu aliyesikia sauti ya mwingine ndani ya koo lake.

Nilitafuta neno la kumlaumu nikaona kwamba la kunilaumu mimi liko mbele yake. Nilimwambia hivyo. Akatikisa kichwa. "Wewe ulipiga picha. Bomba la dawa lilikuwa mgongoni kwangu."

Alijiuzulu uzee wa kanisa na akaacha kukaribia meza ya Bwana. Hakuna aliyemtenga. Hilo lilikuwa gumu zaidi, kwa sababu aliyejitenga mwenyewe hana wa kumfungulia. Jumapili za sakramenti alibaki kwenye benchi ameshika kofia, watu wakipita mbele ya magoti yake. Mchungaji alimwendea mara nyingi. Jibu lake lilikuwa moja: niliweka sumu mezani pake, nitapokeaje hapo hapo? Mke wake akabadilisha kona sokoni, na hata huko wateja walinyanyua nyanya, wakaziangalia, wakazirudisha.

Alikwenda kwa Mama Elisha kuomba msamaha. Mama huyo alimpokea vizuri, akamwekea chai. Akamwambia, "Nimekusamehe, Mzee Bura. Nyanya zako sitakula." Mzee Bura alinisimulia mwenyewe, akaongeza, "Amenisamehe kwa mdomo. Tumbo lake bado."

Upande wangu nilimwomba mchungaji nafasi, nikasimama mbele ya usharika nikasema kwamba ni mimi niliyewafundisha kuogopa doa, miezi kumi na miwili kwa mwaka, kwa karatasi nzuri. Nilikuwa nimezoea kusimama pale na kamera. Bila kamera sikujua mikono niiweke wapi.

Halafu tulirudi kazini, kwa kuwa toba ya mpiga picha iko kwenye picha. Kwa mwaka mzima nilizunguka Qurus na Endamarariek nikiwaomba wakulima wanionyeshe mashamba mawili: la soko, na mashina ya nyuma ya jiko. Ajabu ni wangapi walikuwa nayo. Wengine waliniruhusu kupiga shamba bila sura, wengine mikono tu. Niliwapelekea kila picha waione kwanza wao, kabla ya mtu mwingine yeyote, na za waliokataa nilizifuta mbele yao. Shikeni hilo hata mkisahau mengine. Tulizitundika mbili mbili sokoni siku ya gulio. Mama mmoja alizitazama, akageuka kwa muuza nyanya wake wa siku zote, akamuuliza kwa upole, "Za nyuma ya jiko unauza lini?"

Na kalenda ya mwaka uliofuata ilikuwa na madoa. Karoti ya miguu miwili, hindi lenye mapengo, kabichi lililotobolewa, na chini ya kila picha tarehe ya mwisho ya kupuliziwa dawa. Mchapaji alinipigia simu kutoka Arusha. "Mama, picha zina uchafu. Nizisafishe kwa kompyuta?" Nikamwambia asiguse hata doa moja. Waumini nao hawakukosa la kusema. "Mwaka huu mmetuletea kalenda ya magonjwa," mzee mmoja alilalamika, lakini aliitundika.

Ikafika tena Jumapili ya mavuno. Mzee Bura alikuja. Hakubeba tenga, alibeba kikapu kidogo cha mke wake. Nyanya zilikuwa ndogo, hazilingani, zina madoa, na baadhi zimetobolewa. Aliweka mwisho kabisa wa safu, akarudi benchi la nyuma.

Nje, mnada ulikwenda kwa furaha. Mwinjilisti wetu ana koo la kuuzia ng'ombe. Aliuza kuku, ngano, ngwara, boga moja kwa watu wawili. Akafika kwenye kikapu.

"Nyanya za Mzee Bura. Nani aanze?"

Hakuna mkono ulioinuka.

"Jamani, nani aanze?"

Watu waliangalia miguu yao. Mzee Bura alikuwa anaiangalia ya kwake. Mke wake alianza kusogea ili akichukue kikapu warudi nacho nyumbani, na ninaamini kama angekifikia, yule mzee asingekanyaga tena kanisani. Ndipo sauti ikatoka kwa akina mama.

"Mwinjilisti, subiri." Alikuwa Mama Elisha. Alipita katikati ya watu akasimama mbele ya kikapu. "Mzee Bura. Kula wewe kwanza."

Wengine walishtuka. Mmoja akanong'ona kwamba anamdhalilisha mtu mzima. Mzee Bura hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alikuja, akainama, akapekua, akachagua yenye tundu. Hakuifuta. Aliing'ata, maji yakamshuka kidevuni mpaka kwenye tai. Akatafuna. Akang'ata tena mpaka ikaisha.

"Na mdudu?" Mama Elisha akauliza.

"Nimemla."

"Alikuwa hai?"

Mzee Bura alifikiri, kama mtu aliyeulizwa mahakamani. "Alikuwa hai."

"Basi ni salama," akasema Mama Elisha. "Nifungie zote." Kabla hazijafungwa alichukua moja, akaing'ata pale pale, akaondoka anatafuna. Ndipo watu wakacheka, na kicheko kile kilikuwa na machozi ndani yake. Mwinjilisti alisahau kutaja bei, na hakuna aliyemkumbusha.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya sakramenti. Mzee Bura aliinuka kwenye benchi, akaweka kofia chini, akaenda akapiga magoti mezani kwa Bwana pamoja na wengine. Nilikuwa wa tatu kutoka kwake. Sikugeuka kumtazama, nilimsikia tu akisema amina.

Kesho yake nilipanda Qurus. Ile siku ya mnada nilikuwa nimebonyeza kamera bila kuomba, mara moja tu, pale alipong'ata. Nilimkuta na mke wake nyuma ya jiko, nikawaambia ukweli, nikawapa picha. Macho ameyafumba, shavu limejaa, kidevu kimelowa.

"Umefanana na mbuzi aliyekutwa kwenye maharage," mke wake akasema.

"Ukitaka nitaifuta, Mzee Bura. Ukikubali, itaingia kwenye kalenda."

Alivaa miwani, akaisogeza kwenye mwanga. "Mwezi gani?"

"Nilifikiri wa tisa, kama zamani."

"Hapana. Wa tisa watu wameshavuna." Alinirudishia picha. "Niweke wa sita. Ndio mwezi wanaoshika bomba."